Pale Mpigaji Anaposita

Walisema sitaweza. Naanzia hapo kwa sababu mambo yangu yote yameanzia hapo: mtu anasema sitaweza, namsikia, naenda.

Walisema mtoto wa mkulima wa ndizi na kahawa kutoka Akeri hafiki Ujerumani. Nikafika. Wakasema nitaishia kuosha vyombo kwenye majiko ya watu. Niliosha, sikatai, na kwa mikono ile ile iliyosugua sufuria nikajilipia chuo, nikapata diploma ya ufundi wa piano. Imetundikwa sebuleni kwangu mahali ambapo mgeni hawezi kukaa asiione. Wakasema nikirudi Arusha nitalala njaa, kwani huku nani ana piano? Nikarudi, na kwa zaidi ya miaka thelathini hapakuwa na piano kati ya Themi na Usa River iliyolia vizuri bila mkono wangu kupita. Leo mjini wapo mafundi wengine wawili. Wote nimewafundisha mimi, na mmoja wao ni mzuri.

Lakini la mwisho nililoambiwa sitaliweza ndilo ninalotaka kuwasimulia ninyi vijana mnaoingia kwenye kazi za sauti, wa studio, wa vinanda, na ninyi mnaofunga spika makanisani mkidhani kazi ni kuongeza tu.

Aliyelisema ni Massawe, muuza spea za magari pale Sokon One, rafiki yangu wa siku nyingi. Hajawahi kuniita jina langu. Alisema mbele ya wateja, kwa sauti, huku akifunga boliti kwenye kipande cha gazeti:

"Diploma, hebu nieleweshe. Wimbo mmoja, katunga mtu mmoja, noti ni zile zile. Halafu unaniambia wakipiga watu ishirini, wewe utamjua yule mmoja?"

"Nitamjua, Mangi." Nami humwita hivyo, cheo cha machifu wa Kichaga.

"Boliti namba kumi na tatu ni namba kumi na tatu, akiifunga Mchaga, akiifunga Mmeru." Wateja wakacheka. "Hata Mjerumani wako akiifunga!"

Nilicheka nao. Moyoni nilikuwa nimeshaanza safari.

Sababu ya safari yenyewe ilikuwa Mwalimu Naomi. Huyu ndiye aliyenifundisha noti za kwanza, kwenye kinanda cha kukanyaga cha kanisani kwetu, wakati miguu yangu haijafika vizuri kwenye vikanyagio. Sasa ni bibi mtu mzima, anaishi na mwanawe kule Akeri, nyumba yenye migomba mbele na kahawa nyuma. Siku moja alinitumia salamu kwamba niende. Nikaenda.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Eli. Kaa upande huu. Wa kulia bado unafanya kazi."

Nikahamia upande wa sikio la kulia. Akaniambia daktari amempima, masikio yanakwenda, na hayarudi. Sauti za juu ndizo zinazotangulia.

"Ndege wa asubuhi wameshaniaga," alisema. "Nawaona tu wanafungua midomo. Sasa kabla mlango haujafungwa kabisa, nataka kusikia kitu kimoja, mara moja tu. Wewe ndiye fundi. Nitafutie."

Alipokuwa binti chuoni akisomea ualimu, mwalimu mmoja wa misheni alikuwa na santuri ya piano peke yake, hakuna mwimbaji wala chombo kingine. Kila Jumapili mchana aliicheza, na mabinti waliokuwa wakipiga pasi chumba cha pili walisikia kupitia ukuta wa mbao. Mwalimu Naomi aliijua kama anavyojua Baba Yetu. Aliniimbia mwanzo wake, na mimi nikaitambua papo hapo. Ni kazi ya mtunzi wa kale wa Ulaya, inajulikana sana. Jina lake silitaji hapa, maana nikilitaja tu mtaenda kuitafuta kwenye simu kabla sijamaliza kusimulia.

Ina wimbo mdogo, mtulivu, kama wa mama anayemlaza mtoto huku akiwaza mambo mengine. Wimbo unaondoka, unazunguka mbali, unarudi. Unaondoka tena, unarudi. Mara tatu unasikika.

"Mara ya tatu," alisema Mwalimu Naomi, "kabla hajapanda kwenye ile sauti ya juu kabisa, anasita."

"Anasita vipi?"

"Kama mtu aliyeshika kitasa cha mlango wa chumba cha mgonjwa. Halafu anaingia." Akaniangalia kwa jicho lile la darasani. "Usiniletee mwingine, Eli. Nataka huyo."

Nilipofika nyumbani nilitoa karatasi za noti. Pale mahali hapana alama yoyote ya kusita. Mtunzi hakuandika. Kwa hiyo kilikuwa kitu cha mpigaji mwenyewe, na mpigaji Mwalimu Naomi hakumjua jina.

Najua mnachosema: "Mzee, si yote yako mtandaoni?" Nilianzia huko huko, simu ninayo na naijua. Nilikuta wapigaji wengi kuliko waimbaji wa kwaya zote za dayosisi. Hapo ndipo kazi ilipoanza, na hapo niwafundishe jambo.

Usilinganishe kipande kizima na kipande kizima. Utachanganyikiwa. Chagua mahali pamoja padogo, kama mama anayekagua mchele sokoni: hamwagi gunia, anachota kiganja. Wasikilize wote pale pale. Spika iwe ile ile, na sauti iwe kiasi kile kile, kwa sababu sikio ni jepesi kudanganyika: kinacholia kwa nguvu zaidi hulifanya liamini kuwa ndicho kizuri zaidi. Na usisikilize zaidi ya watatu kwa mkao mmoja. Wa nne humsikii yeye, unasikia uchovu wako.

Nilichuja nyumbani kwanza, kisha wale waliobaki nikampelekea Mwalimu Naomi. Alikaa sikio la kulia likiwa karibu na spika, macho amefumba. Hakuna aliyefika mbali.

"Huyu ana haraka. Ameacha maziwa jikoni?"

Nikaweka mwingine.

"Huyu analia kabla hajafiwa."

Mwingine.

"Huyu anajua kwamba tunamsikiliza. Mtoe."

Nilitoka pale nikiwa nimeelewa kwamba santuri ile huenda haikupanda kamwe mtandaoni. Ilibidi nitafute majumbani. Na hapa, vijana, ndipo utaona faida ya kufanya kazi moja kwa muda mrefu: nilikuwa nimeshaingia kila nyumba yenye piano mkoani. Nilijua nani ana makabati ya santuri na nani ana vyungu vya maua tu juu ya piano. (Msiweke chungu cha maua juu ya piano. Sitaki hata kueleza. Na kipindi cha ukavu weka bakuli la maji chini, ndani, karibu na vikanyagio. Mbao nazo zina kiu. Na mkisikia noti moja imekufa ghafla, msiite fundi kabla hamjaangalia panya. Kanisa moja waliniita nikakuta mama panya na watoto wake wamelala juu ya sufu ya nyundo za piano walizozinyonyoa zote za upande wa besi. Mchungaji akaniuliza kama ni ishara. Nikamwambia ni ishara kwamba mnakula mandazi karibu na piano.)

Basi nikaazima. Mchungaji mstaafu wa Themi alinipa tatu, akazifunga kwenye taulo kama mtoto mchanga. Mjane mmoja Mgiriki wa Usa River, ambaye marehemu mumewe alikuwa na shamba la kahawa, alinipa mbili, akanishika mkono mpaka nikaapa nitazirudisha. Kule Oldonyo Sambu kuna daktari wa mifugo aliyestaafu. Nilikwenda kumwona kwa habari nyingine kabisa, nikategemea kukuta ng'ombe, nikakuta ng'ombe na ukuta mzima wa kanda. Naye akanipa. Hata Massawe, pamoja na dhihaka zake, alitoa boksi chini ya kaunta. Aliwahi kununua viti kwenye shamba moja lililokuwa linafungwa, na santuri zikaja pamoja na viti.

"Chukua, Diploma. Mimi nilitaka viti."

Wapigaji wa kila aina walipita masikioni mwangu mwaka ule. Mmoja alikuwa safi kama sahani ya hoteli, na kama sahani ya hoteli, hujui nani alikula humo kabla yako. Mwingine, mwanamke mzee kwenye santuri ya mjane, aliteleza vidole mara mbili na hakujali. Huyo ningependa kumpa mkono. Nilijifunza kwamba noti ni kama njia ya kupanda Meru. Njia ni moja, imechorwa, lakini ukikaa getini ukawaangalia watu wanavyoshuka utajua nani alikimbilia kileleni na nani alisimama kuangalia nyani.

Yote hayo mazuri. Ila Mwalimu Naomi kila mmoja alimwinulia kidole: "Siye." Na kila nilipokwenda, ilibidi niongeze spika kidogo kuliko safari iliyopita. Hilo hatukulizungumza, lakini wote wawili tuliona mkono wangu unavyozungusha kile kitufe.

Ikafika siku nilikuwa nimemaliza. Kila nilichoazima nilikuwa nimekichuja, na kilichofaa nimekipeleka. Nilikaa sebuleni chini ya diploma yangu, kwa mara ya kwanza nikiwa nimeipa mgongo, nikawaza nitamwambiaje Massawe. Kisha nikaona aibu zaidi kwamba namwaza Massawe wakati kuna mtu Akeri anayefungiwa mlango.

Hapakubaki kitu ila kurudisha mali za watu. Sasa kwetu chombo cha watu hakirudi kichafu, wala hakirudi kitupu. Mama yangu akiazima kibuyu kwa jirani, alikiosha, akakijaza maji akakiacha kisimame, aone kama hakijapasuka mikononi mwake. Ndipo akatia kitu ndani na kukirudisha. Nami nikafanya hivyo hivyo. Nikaziosha santuri moja moja kwa maji yenye sabuni kidogo na kitambaa laini, nikazikausha, kisha nikazicheza zote kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kuruka, nihakikishe sijaikwaruza ya mtu.

Katika boksi la Massawe mlikuwa na moja niliyoikataa mapema sana. Haikuwa na jalada, karatasi yake ya katikati ilikuwa imechubuka, jina limefutika. Ilirekodiwa ukumbini mbele ya watu, unawasikia wakikohoa. Nilipoijaribu mara ya kwanza sikufika hata dakika moja. Kwenye wimbo ule mdogo, noti ya juu kabisa ilikuwa mbovu. Noti za piano za huko juu zina nyuzi tatu tatu, na uzi mmoja ukilegea, noti haiimbi. Inatetemeka kama kijiko kwenye kikombe cha bati. Nikainua sindano. Nikasema neno la Kijerumani ambalo siwezi kuandika hapa. Mpigaji gani wa maana atakubali kurekodiwa kwenye piano ya namna ile? Na fundi gani aliiacha hivyo? Nikairudisha chini ya boksi, na Mwalimu Naomi sikumpelekea.

Mnaona kosa? Mtu mwingine yeyote mkoani hapa asingelifanya. Lilihitaji sikio zuri kama langu. Nilikuwa nasikiliza piano, mpigaji sikumsikiliza.

Safari hii, kwa ajili ya desturi ya kibuyu, nikaiacha iende. Wimbo ukapita mara ya kwanza: akaipiga ile noti bila kujua, ikatetemeka, na kama una sikio utasikia kwamba vidole vilivyofuata vilishtuka. Ukarudi mara ya pili: akaifikia kwa woga, akaigusa kidogo, akaikimbia. Kisha akaenda zake mbali, kule kwenye kelele na ghadhabu za katikati, na mimi nikajua anachojua: kwamba itabidi arudi pale tena, na watu wanamwangalia, na fundi hayupo.

Ukarudi mara ya tatu. Akapanda, akapanda, akafika chini ya ile noti.

Akasita.

Hakuna aliyekohoa ukumbini. Halafu akaigusa, polepole sana, jinsi unavyomgusa mtu aliyelala na maumivu, na ile noti mbovu, kwa kuguswa hivyo, haikutetemeka. Iliimba. Kidogo, lakini iliimba.

Mzee Otto, aliyenifundisha kazi kule Ujerumani, alikuwa na msemo: ukifanya kazi yako vizuri hakuna atakayejua ulikuwepo. Sikuupenda kamwe. Mimi napenda watu wajue nilikuwepo. Lakini siku ile nilimfikiria sana yule fundi wa ukumbi ule, ambaye pengine aliondoka mapema, au ufunguo wake wa kukazia nyuzi uliteleza, akaacha uzi mmoja umelegea. Kama angekuwa mimi, angeukaza. Noti ingekuwa safi, mpigaji angepita bila kusita, na mabinti waliokuwa wakipiga pasi nyuma ya ukuta wa mbao wasingekuwa na cha kukumbuka. Maisha yangu yote nimekaza nyuzi. Sijutii, zinatakiwa kukazwa. Nasema tu kwamba nilikaa kitini muda mrefu.

Kesho yake nikabeba mashine ya santuri hadi Akeri. Ilikuwa Julai, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, Mwalimu Naomi amejifunga shuka mbili. Nikaweka sindano, nikazungusha kitufe mpaka mwisho. Mwanawe alitoka jikoni kuona kuna nini.

Safari hii hakuinua kidole. Dakika ya kwanza ikapita, noti mbovu ikalia, nikamtazama usoni. Hakukunja uso hata kidogo. Ndipo nikaelewa: ilikuwa juu mno. Noti ile haikuwa inamfikia tena. Ilikuwa imeondoka na ndege.

Nikaogopa. Nilidhani nimechelewa.

Wimbo ukarudi mara ya tatu. Akapanda, akapanda. Mwalimu Naomi akanishika mkono, akasema kabla mpigaji hajafika:

"Sasa."

Mpigaji akasita. Na yeye akaacha kupumua. Noti ilipoguswa hakuisikia, niliona kwamba hakuisikia, lakini alitoa pumzi pale pale ilipotakiwa, na akatabasamu kama binti.

"Ndiye," alisema. "Ndiye, Eli."

Mimi siwezi kunyamaza na jambo ninalolijua, ndivyo nilivyoumbwa. Nikamsogelea sikio la kulia, nikamweleza yote, uzi uliolegea, mara ya kwanza, mara ya pili, woga.

"Kwa hiyo alikuwa anaogopa?"

"Alikuwa anaogopa, Mwalimu."

Akacheka mpaka shuka moja ikaanguka. "Na mimi miaka yote nikadhani anasali!" Kisha akaiokota shuka. "Labda alikuwa anafanya vyote viwili. Weka tena."

Niliweka tena mpaka ukungu ukapanda. Siku hizi ukitaka kumwambia kitu unaandika kwenye kibao cha chaki, naye anasahihisha herufi zako. Lakini ukimwandikia "pale anaposita", anainua mkono na kuusimamisha hewani, kwa muda ule ule kamili. Nimempima na santuri. Hakosei.

Baada ya hapo nikapanga siku moja ya kuwalipa wote walioniazima. Nikakata mikungu ya ndizi shambani kwangu, nikaipakia kwenye gari pamoja na santuri na kanda, nikaenda mlango kwa mlango. Mchungaji wa Themi alifungua lile taulo akahesabu: tatu. Nikamtunia piano yake palepale, na nikiwa mstaafu mjue hiyo ni heshima kubwa. Mjane wa Usa River alizinusa santuri zake, akasema zinanukia sabuni, hazijawahi kunukia hivyo tangu mumewe. Daktari wa Oldonyo Sambu alipokea ndizi, akataka kuniwekea maziwa mgando kwenye chupa yake niondoke nayo. Nikakataa chupa. Ningekuwa na chombo kingine cha watu! Niliyanywa pale pale nimesimama mpaka yakaisha.

Massawe nilimwacha wa mwisho makusudi.

"Diploma! Umeshindwa?"

"Nipe umeme."

Nikaweka mashine juu ya kaunta katikati ya filta na mikanda ya feni. Kwanza nikamchezea santuri yangu mwenyewe niliyotoka nayo Ujerumani, mpigaji safi, piano safi. Aliendelea kupanga boliti zake. "Namba kumi na tatu," akasema.

Kisha nikaweka ile yake. Alicheka iliposikika noti mbovu. Alipanga boliti mara ya pili ilipopita. Mara ya tatu, mpigaji aliposita, mkono wa Massawe ulibaki na boliti hewani.

"Hapo kafanya nini?"

"Mangi, beringi feki unaijuaje?"

"Naizungusha karibu na sikio."

"Feki inaliaje?"

"Feki inateleza tu," alisema taratibu, bado anaangalia sindano. "Haikuambii kitu."

Mteja akaingia kuulizia brekipedi za Noah. Massawe akamwinulia kiganja bila kugeuka. "Subiri, kaka. Diploma, rudisha pale."

Nikarudisha. Tukasikiliza watatu, pamoja na yule mwenye Noah. Ilipoisha Massawe akafuta mikono kwenye suruali.

"Bado nasema noti ni zile zile," alisema.

Nikatua mkungu wa ndizi mlangoni, nikamkabidhi boksi lake, na mimi nikawa sina kitu cha mtu duniani. Akalisukuma boksi chini ya kaunta lilipokuwa. Lakini ile isiyo na jalada aliitoa, akaifunga vizuri kwenye gazeti safi, akapanda kwenye stuli na kuiweka kwenye rafu ya juu kabisa nyuma yake, pale anapoweka spea za orijino, zile ambazo hamuuzii mtu anayeomba punguzo.